Ufuatiliaji wa vifaa tiba vinavyohama wodini: maana yake na unavyofanya kazi

Mashine ya CT-scan imefungwa sakafuni. Ukiihitaji, unampeleka mgonjwa. Pampu ya dripu, mashine ya kunyonya makohozi, mashine ya oksijeni au ultrasaundi ya magurudumu ni kinyume chake: zenyewe ndizo humfuata mgonjwa. Zinatoka naye mapokezi ya dharura, zinapita chumba cha upasuaji, zinaishia wodini, na akiruhusiwa zinabaki pale zilipoachwa. Hivyo ndivyo vifaa tiba vinavyohama. Kuvifuatilia ni kuwa na utaratibu unaokuwezesha kujua wakati wowote kila kimoja kiko wapi, ni kizima au kibovu, na kiko mikononi mwa nani.

Wengi wakisikia habari hii hufikiria wizi. Wizi upo, lakini kinachosumbua zaidi ni kifaa kilichomo humo humo hospitalini ila hakionekani. Muuguzi wa zamu ya usiku ana mtoto anayekabwa na makohozi, na mashine ya wodi yake iliazimwa mchana na wodi nyingine. Anapiga simu, anamtuma mhudumu, mwishowe anakwenda mwenyewe kufungua makabati ya watu. Akiipata, kuanzia kesho ataifungia kwake. Simlaumu hata kidogo: amekwisha kuona kwamba kifaa kikitoka hakirudi. Ila wodi zote zikifanya vivyo hivyo, hospitali yenye pampu za kutosha inajiona haina, na inaomba fedha za kununua nyingine.

Tena kifaa kilichofichwa huharibika palepale kilipo. Pampu nyingi zina betri ndani yake, na betri isiyochajiwa kwa miezi huweza kufa kabisa. Fundi anayepita kufanya matengenezo kinga hakioni, anaandika kwamba hakikupatikana, anaendelea na safari. Siku pampu hiyo ikitolewa kabatini na umeme ukakatika, inazimika huku dawa ikiwa bado inaingia mshipani.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na kazi hii kweli huanzia kwenye daftari. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilitoa mfululizo wa miongozo kuhusu vifaa tiba, na mmoja wapo unahusu uorodheshaji wa vifaa peke yake. Kila kifaa hupewa namba ya hospitali na kubandikwa lebo. Rejista huonyesha aina, mtengenezaji, modeli, namba ya kiwandani, wodi na tarehe ya matengenezo yajayo. Namba ya kiwandani huonekana jambo dogo mpaka siku mtengenezaji atangaze kwamba toleo fulani la pampu lina kasoro. Hapo hospitali lazima izipate zote, moja baada ya nyingine, kabla hazijafungwa kwa mgonjwa mwingine. Safu ya hali ya kifaa nayo isiachwe tupu: utafiti wa Perry na Malkin wa mwaka 2011, uliopitia orodha za vifaa zaidi ya 112,000 katika nchi 16 zenye uhaba wa rasilimali, ulikuta takribani asilimia 38 havifanyi kazi.

Teknolojia hujengwa juu ya rejista hiyo. Bakodi ndiyo rahisi kuliko zote, lakini hukuambia tu mahali kifaa kilipokuwa mara ya mwisho mtu alipokiskani. Tagi za RFID, yaani vibandiko vinavyotambuliwa kwa mawimbi ya redio, zile zisizo na betri husomwa na kifaa kilichowekwa mlangoni, kwa hiyo unajua pampu imetoka wodini bila mtu kuandika. Tagi zenye betri hutuma mawimbi ya Bluetooth au Wi-Fi kila baada ya muda, na skrini ikaonyesha zilipo kwenye ramani ya jengo. GPS haifai sana, maana ndani ya majengo inayumba. Hata mawimbi ya redio hupenya kuta, mfumo ukadhani pampu iko chumba cha pili. Ndiyo maana hospitali nyingine huongeza mwanga wa infraredi, usiopenya ukuta.

Kuna tahadhari moja ambayo wauzaji hawaizungumzii sana. Mwaka 2008 watafiti wa Amsterdam walijaribu RFID karibu na vifaa tiba 41, na katika majaribio 123 mitambo hiyo iliingilia utendaji wa vifaa mara 34, mara 22 kati ya hizo kwa kiwango cha hatari. Mfumo wowote ujaribiwe kwanza kwenye vifaa vya hospitali yenyewe, pasipo mgonjwa.

Lakini tagi haisafishi pampu wala hairudishi. Hospitali nyingi za Uingereza zina hifadhi ya pamoja: pampu ikimaliza kazi inarudi kule, inasafishwa, inakaguliwa, inachajiwa, na wodi inayoihitaji inakwenda kuazima. Kwa maoni yangu hiki ndicho kiini cha usimamizi wote, kwa sababu muuguzi akiwa na hakika ya kupata pampu nzima saa yoyote, hana haja ya kuficha. Hospitali ya wilaya yenye fundi mmoja inaweza kuanza na pampu na mashine za kunyonya tu, chumba kimoja chenye soketi za kutosha, na leja yenye tarehe, namba ya kifaa, wodi, jina la aliyechukua na saa ya kurudisha. Safu hiyo ya mwisho isimamiwe kwa ukali. Asubuhi msimamizi akiikuta wazi, anajua mara moja apige simu wodi gani.