Kizuizi cha kitanda si dawa ya kuanguka

"Nesi, tumeshampigia mbao pembeni, haanguki tena." Kila mgonjwa wa kiharusi akiruhusiwa kurudi nyumbani, ndugu wananiambia hivyo, nami naanza kueleza upya.

Mwenye akili timamu aliyelegea mwili, kizuizi kinamfaa: anakishika akijigeuza. Aliyechanganyikiwa lakini miguu bado ina nguvu ni habari nyingine. Usiku amebanwa na mkojo, anakuta njia imezibwa, basi anaparamia. Akidondoka, anatokea juu ya kizuizi, kichwa kikitangulia.

Ila kinachonikera hasa ni mianya ya vitanda: haipimwi! Mafundi wetu hapa Tabora wanaijua mninga, kitanda kinatoka imara, lakini fito za pembeni zinapangwa kwa kukadiria macho. Mwanya wa milimita 120 unatosha kupitisha kichwa cha mtu mzima, kwa hiyo uwe chini ya hapo. Marekani, mamlaka ya chakula na dawa ilipokea taarifa 901 za watu walionaswa kwenye vitanda vyenye vizuizi kati ya 1985 na 2013. Waliokufa ni 531, wengi wao wazee dhaifu au waliochanganyikiwa.

Halafu godoro la sponji. Ukingo wake hubonyea, na mwanya kati ya godoro na kizuizi, usioonekana mchana, unafunguka mgonjwa akiegemea. Bonyeza ukingo kwa nguvu zako zote, ndipo upime. Mwili ukiteleza humo kifua kinabanwa, na aliyepooza hawezi hata kupiga kelele. Msizibe kwa mito, inasogea. Msiongeze godoro la pili pia: kizuizi kinapaswa kupanda milimita 220 au zaidi juu ya godoro.

Kumfunga kwa khanga, hapana kabisa.

Kitanda kiwe cha chini, karibu na sakafu, taa iwepo, apelekwe haja kabla ya kulala, na mtu alale naye chumba kimoja. Anayenipa shida ni yule anayechanganyikiwa usiku tu, wakati mchana kizuizi kinamsaidia kujigeuza. Wauguzi wenzangu wengine wanakiacha juu saa zote; mimi nasema kishushwe usiku, na sina uhakika kila mara kwamba nimeamua sawa. Akipata homa au akianzishiwa dawa ya usingizi, uamuzi wa jana haufai tena, mtazameni upya siku hiyohiyo.