Je, wajua? Kuna mji ambako moshi wa jirani uligeuka dari ya nyumba

Anayekuna nazi hatupi machicha, kuku wapo. Viwanda vya bia navyo huuza machicha yao kwa wafugaji. Sasa ikuze desturi hiyo ienee mji mzima, utakuwa umefika Kalundborg, mji mdogo wa pwani nchini Denmark, yapata kilomita 100 magharibi mwa Copenhagen. Huko viwanda na manispaa vimeunganishwa kwa mabomba, na mabaki ya mmoja mwenzake huyalipia.

Haikuanza kwa mkutano wa mazingira. Ilianza kwa shida ya maji. Mwaka 1961 kiwanda cha kusafisha mafuta kilihitaji maji mengi kuliko visima vya pale vingeweza kutoa. Wakapatana: kiwanda kitoe fedha, manispaa ilaze bomba kutoka ziwa Tissø. Mwaka 1972 kikaja kiwanda cha bodi za jipsamu, yaani jasi, zile za kutengenezea dari, kikawa kinakaushia bodi zake kwa gesi ambayo wale wa mafuta walikuwa wakiichoma bure hewani.

Kiungo kikubwa kilikuwa mtambo wa umeme wa Asnæs. Mtambo wa makaa ya mawe hupoteza joto jingi kuliko umeme unaozalisha, na zamani joto hilo liliishia baharini. Kuanzia 1981 likaanza kupelekwa majumbani, na tanuri za mafuta za kupashia nyumba joto zipatazo 3,500 zikazimwa. Mwaka uliofuata mvuke ukaenda kwa kiwanda cha mafuta na kwa Novo Nordisk, watengenezaji wa insulini. Hamira inayobaki baada ya insulini kutengenezwa? Nguruwe wakawa wanaila.

Lakini mimi kinachonifurahisha zaidi ni moshi. Makaa yana salfa, na salfa ikiachwa ipae hurudi kama mvua ya tindikali. Kwa hiyo mtambo ulifungiwa chujio linalokutanisha moshi na chokaa. Chokaa ikikamata salfa, kinachopatikana ni jasi, ile ile ya kutengenezea bodi! Kiwanda cha jirani, kilichokuwa kikiagiza jasi kutoka migodi ya Hispania, kikaanza kuinunua hapo hapo mwaka 1993.

Kwa nini imedumu? Kila mapatano yalikuwa ya wawili tu, na kila upande ulipata faida. Mapatano yasiyolipa hayakusainiwa. Tena mji ni mdogo, mameneja walijuana. Na umbali nao una neno lake: mvuke ukisafirishwa mbali hupoa, kwa hiyo mpango huu hauwafai walio mbali na wenzao.

Ujirani wa namna hii una gharama yake pia. Ukitegemea mvuke wa makaa, siku makaa yakipigwa vita nawe umo vitani. Ndiyo maana kuacha makaa na kuhamia vipande vya mbao pale Asnæs hakukuwa uamuzi wa mwenye mtambo peke yake. Wanunuzi wa mvuke na joto nao walibidi wafunge mikataba mipya. Na mbao hazina salfa ya kutosha kutoa jasi. Bahati nzuri, kiwanda cha bodi kilikuwa kimeshazoea kupokea bodi chakavu za nyumba zilizobomolewa, zinazokusanywa kwenye kituo cha taka cha manispaa.