Mlango wa ndani haupimwi kwenye bloku tupu

Simu huja nyumba haijaona hata lipu: "Fundi, kuta zimesimama, njoo upime milango uanze mapema." Nikijibu bado, mwenye nyumba huona namzungusha. Huenda kwa mwengine, milango ikakatwa, na baada ya miezi michache naitwa mimi na randa yangu kuokoa kilichobaki. Yamenichosha. Anayejenga Lamu, awe Shela, Wiyoni au Matondoni, na ayasome haya majibu yangu kwa maneno ninayoambiwa kila mara, kabla hajatoa arubuni.

"Kuta zikisimama, kipimo kimepatikana."

Hakijapatikana. Bloku ya inchi 6 ni milimita 150. Paka lipu ya 15 kila upande, ukuta umefika 180. Fremu iliyorandwa kwa upana wa bloku itadidimia ndani ya lipu, na ubao wa kuzungushia fremu, unaoficha kiungo chake na lipu, hautapata pa kulala.

Sakafu ndiyo mbaya zaidi. Skridi, yaani saruji ya kusawazisha sakafu, milimita 45, gundi na kigae 15, umepanda 60. Mlango uliopimwa kutoka kwenye zege tupu sasa unagota, basi msumeno unaitwa. Mlango wa flashi, ule bapa wa plaiwudi, una ubao mzima kingoni tu, tena mwembamba. Kati ni uwazi. Ukikata 60 chini, ubao wote umeondoka, zimebaki karatasi mbili za plaiwudi zinazopwaya na mende wamepata nyumba. Wa paneli nao, ule wa vibao vilivyozungukwa na mbao za kiunzi, ukikatwa hivyo, kile kipande cha chini kinakuwa chembamba na ndimi zilizoshika kiungo zinaliwa na msumeno. Mlango huo hautachukua muda kulegea.

Na juu je? Tuseme wataka mlango wa milimita 2100 usimame juu ya kigae. Nafasi ya chini 10, ya juu 3, mbao ya fremu 45, nafasi ya kupachikia fremu 10: ni 2168. Ongeza sakafu 60. Uso wa chini wa linta, ile boriti ya juu ya uwazi, unatakiwa uwe kama 2230 kutoka kwenye zege. Mwashi anayeweka linta kwenye futi saba kamili amekwisha kukuamulia mlango mfupi, na hakuna seremala atakayeurefusha.

Hapo kwenye linta ndipo ninapotaka kuitwa. Si kwa kupima. Ni kwa kukaa na mwashi na mwenye nyumba tukubaliane unene wa lipu, skridi na kigae. Kisha mwashi achukue mpira wa maji wa kusawazishia, autoe mapovu yote, apige mstari wa mita 1 juu ya sakafu itakayokamilika, azunguke nao nyumba nzima. Wa fremu, wa vigae, wa umeme, wote wapimie mstari huo. Fremu huingia kabla ya lipu kwa hesabu hiyo. Ubao wenyewe wa mlango naupima fremu ikiwa imesimama na kigae kimelala, mmoja mmoja, kwa sababu hata fremu mbili za mtu mmoja hazilingani.

Tena tuache futi. Futi tatu ni milimita 914, futi saba ni 2134, na dukani utauziwa 900 kwa 2100. Zaidi ya hayo, ukisema "futi tatu" mwashi ataelewa uwazi wa ukuta, seremala ataelewa fremu nje kwa nje, na mwenye duka ataelewa ubao wa mlango. Mlango wa 900 unataka uwazi wa karibu 1020. Andika milimita, na uandike ni kipimo cha nini.

"Unafungukia wapi tutaamua baadaye."

Baadaye swichi iko nyuma ya mlango na kitanda kinaonekana kutoka ukumbini. Mlango wa chumba cha kulala ufunguke kwa namna ambayo ubao wenyewe unakinga kitanda; sitara ya nyumba ni jambo la kufikiriwa kwenye ramani, si kazi ya pazia. Wa choo, ikiwa chumba ni kidogo, ufungukie nje: mzee akianguka ndani, mwili wake unazuia mlango unaofungukia ndani. Na choo cha wazazi msikibanie kwa mlango wa 700. Kiti cha magurudumu hakipiti.

Kila uwazi pia si lazima uwe na mlango. Wazee wetu waliacha misana, vile vyumba virefu vya nyumba za mawe, wazi kwa wazi, upepo ukapita.

"Mbao ngumu haichezi."

Ugumu si utulivu. Mbao yoyote hunywa unyevu wa hewa na kutanuka kwa upana wake. Kwa urefu haiongezeki kitu cha maana. Mlango uliobanwa sawasawa wakati wa kaskazi utakwama mvua za Mei zikija. Bambakofi hucheza kidogo sana, ndiyo maana naipenda, lakini nayo naiachia milimita 3 kila upande. Paneli haitiwi gundi kabisa. Inakaa huru ndani ya mfuo wake, ipate pa kupumulia. Ukiona fundi anaigundisha, mzuie, maana itapasuka katikati.

Na lipu mbichi hutoa maji kwa wiki nyingi. Usipachike milango nyumba ikitoa jasho. Ikifika mapema kwa jahazi kutoka Mokowe, ilaze juu ya vipande vya mbao vilivyo sawa. Ukiiegemeza ukutani inapinda, na mlango uliopinda hausikii randa.

"Vanishi ni kwa panapoonekana."

Maji huingilia pasipoonekana. Ncha za mbao, juu na chini ya mlango, hufyonza kuliko uso wote, na chini ndiko sakafu inakopigwa deki kila asubuhi. Lazima zipakwe kabla mlango haujapachikwa, maana baadaye brashi haifiki. Kwa choo napaka ncha ya chini mara tatu, bila kumuuliza mtu.

"Bawaba mbili zatosha, chuma ni chuma."

Mlango wa mbao nzima unataka tatu. Chuma cha kawaida hewa yetu ya chumvi hukila, kikatoa machozi ya kutu juu ya rangi. Nunua bawaba za shaba, na parafujo zake ziwe za shaba pia. Zile parafujo ni laini, hukatika shingo. Toboa kwanza, ingiza ya chuma ya saizi ile ile ifungue njia, itoe, kisha ndio uzungushe ya shaba.