Kazi za hoteli Zanzibar zipo, ila hazina hela ya fomu

Juzi asubuhi binti mmoja wa Kongwa kaja ofisini kwetu hapa Dodoma, kaniwekea simu mezani. Meseji inasema: kazi hoteli Nungwi, laki 8 kwa mwezi, kula na kulala bure, tuma 35,000 ya fomu na 50,000 ya sare. Ametuma zote mbili, sasa namba haipatikani. Malalamiko ya aina hii yameongezeka ndo maana naandika.

Utalii Zanzibar unakua kweli. Wageni walipita 638,000 mwaka 2023, na 2024 wakapita 736,000, hoteli zinajengwa Nungwi, Matemwe, Paje, na zinataka wapishi, weita, hausikipa, mafundi wa AC. Hilo halina ubishi. Ila kazi hainunuliwi jamani! Wakala wa ajira anayetambulika hela yake anaichukua kwa mwajiri, hamtozi mtafuta kazi, tumelisema mpaka redioni na bado mnatuletea meseji za muamala.

Halafu kuna msimu. Juni mpaka Oktoba hoteli zinajaa, Desemba mpaka Februari hivyo hivyo, ikiingia masika ya Aprili na Mei nyingine zinafunga kabisa na wa mkataba wa msimu anarudi kwao. Sasa kijana anaacha shamba mwezi wa tatu, anapanda treni mpaka Dar, anavuka na boti, anafika wenzake wanafunga mabegi.

Na hapa nisomeni taratibu. Masuala ya kazi sio ya Muungano. Zanzibar wana Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005, sisi Bara tuna ya kwetu Na. 6 ya 2004. Kwa hiyo ukiachishwa kazi Paje usije kujaza fomu namba 1 ya CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) hapa Dodoma, siku 30 za kufungua mgogoro zinakuishia bure maana CMA ni ya Bara, mgogoro wako unaanzia Kamisheni ya Kazi huko huko Zanzibar. Kabla hujasafiri dai mkataba wa maandishi wenye jina la mwajiri, kituo cha kazi, mshahara, saa za kazi, tarehe ya kuanza na ya kuisha. Ukifika jitambulishe kwa sheha (kiongozi wa serikali wa mtaa huko) wa shehia unayokaa, uulizie na kitambulisho cha mkaazi asiye Mzanzibari.

Wanaouliza kilimo cha kule: karafuu za Pemba zinachumwa kwa msimu na anayenunua ni ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, peke yake, mwani wa pwani ya mashariki wengi wanaolima ni kina mama wa vijiji vile vile na siku hizi maji yakipata joto unakufa. Kwa mgeni nafasi ni finyu. Lakini hoteli zinakula! Vitunguu, nyanya, viazi, sehemu kubwa inavuka na maboti kutoka Bara, na hiyo ni ajira ambayo mtu wa Mpwapwa anaipata bila kuhama kwake, mimi naona ndo kubwa kuliko ya uweita. Shida yetu ni ubora. Niliwahi kuona gunia la vitunguu limefunguliwa mbele ya mnunuzi, shingo bado mbichi, vya katikati vimeanza kuota, akalifunga akaondoka. Vitunguu vingesubiri vikauke shingo, vikapangwa kwa saizi, angerudi kila wiki. Hilo afisa ugani wa kata anakufundisha bure, mfuateni.

Kwa aliyeshatuma hela: kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo mpaka miaka 7. Namba ya tapeli iripoti kwa meseji kwenda 15040, kisha nenda polisi ukapewe RB (namba ya taarifa yako polisi), uwe na meseji ya tangazo na ya muamala, zote mbili. Msizifute kwa hasira, yule binti alikuwa keshafuta ya muamala ikabidi aanzie kwa wakala wa mtandao kuomba taarifa upya.