Chanzo cha kuaminika, habari ya kweli: usivichanganye

Vita vikizuka popote, wachambuzi wa redioni na wa vijiweni huanza na wimbo uleule: "Taarifa za kijasusi zilitoka kwenye chanzo cha kuaminika, kwa hiyo..." Wanateleza hapo kwenye "kwa hiyo".

Kuaminika ni sifa ya mtoa habari: huko nyuma alisema kweli kiasi gani, na anayafikiaje hayo anayosimulia. Ukweli ni sifa ya habari yenyewe. Ndiyo maana NATO, umoja wa kijeshi wa nchi za Magharibi, hutoa alama mbili, utaratibu wenye asili katika jeshi la majini la Uingereza: herufi kwa mtu, kuanzia A (anaaminika kabisa) hadi F (hatujui kama anaaminika), na namba kwa alicholeta, kuanzia 1 (imethibitishwa) hadi 5 (haielekei kuwa kweli) na 6 (haiwezi kupimwa). Shushushu wa A anaweza kuleta habari ya 5, na mgeni asiyejulikana, F, akaleta ya 1.

Tazama Israel mwaka 1973, ilipovamiwa na Misri. Mossad, shirika la ujasusi la Israel, walikuwa na mtoa habari, Ashraf Marwan, mkwe wa rais wa zamani wa Misri Gamal Abdel Nasser, mtu wa jikoni kabisa katika utawala wa Misri. Nyaraka zake zilikuwa halisi, na zilionyesha kwamba Misri haitapigana kabla ya kupata ndege za masafa marefu na makombora ya Scud. Ilikuwa kweli, kwa wakati ule. Mwishoni mwa 1972 Rais Anwar Sadat wa Misri alishaamua kutosubiri, lakini ujasusi wa kijeshi wa Israel chini ya Eli Zeira ukaendelea kuishikilia habari ya zamani kama msahafu. Usiku wa Oktoba 5, 1973, Marwan akamwambia mkuu wa Mossad, Zvi Zamir, jijini London: vita ni kesho, jua likizama. Vikaanza kesho kweli, ila saa nane mchana. Chanzo kilekile, siku sahihi, saa siyo.

Kosa la pili ndilo linaloniudhi zaidi: "Dola yenye akili timamu haianzishi vita isivyoweza kushinda." Zeira na wenzake waliwaza hivyohivyo. Akili ya dola hupimwa kwa lengo lake, wala siyo kwa lengo ambalo wewe ungekuwa nalo. Sadat hakuhitaji kuiteka Tel Aviv. Alihitaji kuvuka Mfereji wa Suez, kushika ukanda mwembamba chini ya kinga ya makombora ya kutungulia ndege, na kuwalazimisha wakubwa wa dunia walishughulikie suala lililolala la Sinai, ardhi ya Misri iliyotekwa na Israel mwaka 1967. Kwa hilo, Scud hazikuwa sharti. Mwishoni mambo yalimharibikia vitani, hata Jeshi lake la Tatu likazingirwa. Hata hivyo, kufikia 1982 Sinai ilikuwa imerudi Misri (kipande cha Taba kilichelewa hadi 1989).

Basi, mwenzangu wa redioni, ukiambiwa chanzo kinaaminika, kubali, kisha uliza habari ni ya lini na nani mwingine anayo. Na ukitaka kusema Sadat alicheza kamari, sawa, alicheza. Ila usimwite mwendawazimu.