Mzee katolewa mtoto wa jicho, karudi nyumbani: maswali yanayoulizwa sana

Operesheni yenyewe fupi tu, mara nyingi haifiki hata nusu saa, dokta anatoa lenzi iliyopata ukungu anaweka ya bandia basi. Shughuli yenyewe inaanza mkisharudi nyumbani, na kwa upepo na vumbi la Dodoma hili si jambo la kuchukulia poa. Awe kafanyiwa hospitali ya Mvumi, General ya Dodoma mjini au kwenye kambi ya macho iliyokuja wilayani, maswali ni yaleyale.

Bibi katolewa bandeji, anasema jicho linakwaruza kama lina mchanga. Ni kawaida?

Siku za mwanzo ndio. Kukwaruza, machozi, wekundu kidogo, ukungu, mwanga kumchoma, hivyo vyote vinatakiwa vipungue siku hadi siku. Cha kuangalia ni hicho, vinapungua au vinaongezeka? Jicho lilikuwa linaendelea vizuri afu ghafla linaanza kuuma zaidi, linazidi kuwa jekundu, linatoa usaha, kuona kunarudi nyuma, au anaona vimulimuli na vidoti vyeusi vingi, hapo msisubiri tarehe ya kliniki jamani. Mpelekeni siku hiyohiyo, hata kama mko Bahi ndani ndani huko tafuteni usafiri, maana wadudu wakiingia ndani ya jicho wanaweza kuliharibu kabisa ndani ya siku chache.

Dawa za matone anaweka mpaka lini? Mbona anaona vizuri tayari?

Hapa ndo watu wengi wanaharibu. Kwa kawaida ni wiki 4 mpaka 6, zinapunguzwa taratibu kama mlivyoandikiwa, na kuona vizuri siku ya tatu haimaanishi jicho limepona ndani. Anayeweka anawe mikono kwa sabuni kwanza, mzee aangalie juu, unavuta kope ya chini kidogo unadondosha tone moja, ncha ya chupa isiguse jicho wala kope. Kama ni dawa mbili subiri kama dakika 5 kabla ya nyingine la sivyo ya pili inaisafisha ya kwanza. Chupa iliyoandikwa tikisa, itikise kweli. Na zikibaki msimpe jirani mwenye macho mekundu, nyingi zina steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) ambayo kwa jicho lenye ugonjwa mwingine inaweza kuleta balaa, presha ya jicho ikapanda au kidonda kikawa kikubwa zaidi.

Jirani anasema tumwekee maziwa ya mama au dawa ya mizizi lipone haraka.

Hapana kabisa. Mwitikieni jirani kwa heshima maana anawatakia mema, ila kwenye jicho hakiingii kitu chochote zaidi ya dawa ya hospitali.

Anaweza kupika, kwenda shamba, kubeba maji?

Kidonda mara nyingi hakishonwi, kinajifunga chenyewe, ndo maana asilisugue wala kulikandamiza, na usiku alale na ile ngao ya plastiki ya kufunika jicho maana usingizini mkono unaenda wenyewe. Ndoo ya lita 20, kuni, debe la mahindi, kulima, aache kwanza, wengi wanaambiwa kama mwezi. Jiko la kuni moshi wake unachoma, mwachieni mjukuu asonge ugali, bibi akae nje kivulini na miwani ya jua. Kiangazi upepo unapopiga asitoke ovyo, na kama lazima apande bodaboda basi avae miwani inayofunika pembeni, ila gari ni bora zaidi.

Kuoga anaoga, shingoni kushuka chini, uso anafutwa kwa kitambaa safi kilichokamuliwa. Kwa wanaoswali, wiki hizi za mwanzo aswali amekaa kwenye kiti, kichwa kisiende chini sana, mpaka dokta amruhusu. Dawa za sukari na presha anaendelea nazo kama kawaida, na sukari ikiwa juu jicho linachelewa kupona kwahiyo msiisahau.

Mbona bado hawezi kusoma Biblia?

Lenzi ya bandia kwa kawaida inawekwa kwa ajili ya kuona mbali, ya karibu atahitaji miwani. Msikimbilie kununua sasa hivi, jicho bado linabadilika, kipimo kizuri ni baada ya kama wiki 6.

Mtoto wa jicho anarudi?

Harudi, ile lenzi imeshatoka. Ila baada ya miezi au miaka kifuko kinachoshika lenzi mpya kinaweza kupata ukungu na mzee akaona kama zamani, watu wanadhani operesheni ilifeli wanakata tamaa wanakaa nyumbani. Ukungu huo unaondolewa kwa mwanga wa leza dakika chache tu bila kupasua, kwahiyo akianza kulalamika mrudisheni kliniki ya macho.