Mdomo Ukifa Ganzi na Eksirei Ikiwa Safi

Nikiletewa mgonjwa mwenye maumivu makali ya taya siku chache baada ya kung'olewa jino, sianzi na jino. Namwomba afumbe macho, kisha nampapasa kwa ncha ya pamba kwenye mdomo wa chini na kidevuni, upande mmoja halafu wa pili. "Unasikia sawa pande zote?" Akijibu kwamba upande mmoja umekufa ganzi, namuuliza ganzi hiyo ilianza lini. Kama haikumwachia tangu siku ya sindano ya ganzi, huenda neva ilijeruhiwa wakati wa kung'oa. Lakini akisema hisia zilirudi siku ile ile, zikapotea tena siku ya nne au ya tano huku maumivu na homa vikipanda, hapo naanza kufikiria osteomielitisi, yaani maambukizi ya bakteria ndani ya mfupa wenyewe.

Ganzi hiyo ya mdomo vitabu huiita dalili ya Vincent, na chanzo chake ni nafasi finyu. Ndani ya taya la chini mna mfereji unaopitisha neva na ateri pamoja. Bakteria wakishuka kutoka kwenye mzizi wa jino bovu hadi ndani ya uboho, usaha hujaa mahali palipozungushiwa ganda gumu la mfupa. Shinikizo hupanda, mishipa midogo hubanwa, damu huganda humo, na mfupa uliokatiwa damu huanza kufa. Neva nayo hubanwa. Taya la juu lina ganda jembamba na damu hulifikia kwa njia nyingi, ndiyo maana ugonjwa huu hulipata kwa nadra kuliko la chini. Neva ninayoizungumzia ni ya hisia tu, kwa hiyo mgonjwa huongea na kutabasamu bila shida. Kwa macho huoni kitu. Lazima umguse na umuulize.

Siku hizo za mwanzo uso unaweza usivimbe sana, wala pasiwe na tundu linalotoa usaha. Kinachonishtua zaidi ni meno kadhaa yaliyopangana, yasiyo na ubovu wowote, kuanza kulegea na kuuma yakigongwa taratibu.

Kosa linaloniumiza moyo kuliko yote ni mgonjwa wa namna hii kurudishwa nyumbani kwa sababu eksirei ya siku ya tano haikuonesha kitu. Haiwezi kuonesha! Mfupa hupoteza takriban asilimia 30 hadi 50 ya madini yake kabla eksirei ya kawaida haijaonesha weusi wowote, na hilo huweza kuchukua wiki mbili hadi tatu. Eksirei bado naiagiza, ili nione mzizi uliobaki au ufa, na ili niwe na picha ya kulinganisha baadaye. Siichukulii kamwe kuwa ushahidi kwamba mfupa ni mzima.

MRI, yaani picha inayopigwa kwa nguvu ya sumaku, huwahi zaidi. Uboho wenye mafuta hung'aa katika aina moja ya picha zake, iitwayo T1. Ukijaa majimaji ya uvimbe hufifia, na mabadiliko hayo huonekana wakati mfupa mgumu bado umesimama imara. CT, yaani eksirei ya kompyuta, ni bora kwa kuona ganda lililolika na vipande vya mfupa mfu, ila hivyo huja baadaye. Skani ya teknetiamu, dawa yenye mionzi inayodungwa mwilini, huwaka mapema pia, lakini huwaka vilevile mahali palipong'olewa jino juzi. Vipimo vya damu, kama CRP (protini inayopanda mwili ukipambana na maambukizi) na hesabu ya seli nyeupe, hunisaidia kufuatilia mwenendo. Peke yake havinipi jibu.

Jibu lenyewe limo ndani ya mfupa, na hapa ndipo utafiti ulipobadilisha kazi yetu. Kwa muda mrefu taya lilitibiwa kama mfupa wa mguu, ambako bakteria aitwaye stafilokokasi ndiye mkosaji mkuu. Sababu mojawapo ni kwamba usaha ulichukuliwa kwa pamba kupitia ngozi au kinywa, ukaokota bakteria wanaoishi humo njiani, huku bakteria wasiovumilia oksijeni wakifa kabla ya kufika maabara. Mbinu za kuwaotesha zilipoboreka ikaonekana kwamba mara nyingi ni mchanganyiko: streptokokasi wa kinywani pamoja na wale wasiovumilia oksijeni, kama Prevotella, Fusobacterium na jamaa zao. Siku hizi jeni la 16S, lililomo ndani ya kila bakteria, husomwa na kuwataja hata wale waliokataa kuota, ingawa halituambii ni dawa gani itawaua.

Somo jingine lilitoka kwa sungura. Mwaka 1941 Scheman na wenzake walieleza jinsi ya kusababisha osteomielitisi ya majaribio kwa kuongeza sodiamu moruati, kemikali inayoharibu mishipa ya damu, pamoja na bakteria. Mfupa wenye damu ya kutosha haushindwi kirahisi. Ndiyo maana kila mgonjwa namuuliza kuhusu kisukari, selimundu, sigara, mionzi ya saratani na dawa za kuimarisha mifupa.

Kwa kawaida ugonjwa huitwa wa papo hapo ndani ya wiki 4 za mwanzo. Ukivuka hapo huitwa sugu. Mpaka huo ni wa makubaliano tu, maana ugonjwa ni ule ule.

Sampuli naichukua kabla ya antibiotiki kila hali ya mgonjwa inaporuhusu. Akiwa na homa kali au koo limeanza kuvimba, dawa hazisubiri. Usaha nauvuta kwa sindano na kuutia katika chupa isiyoingiza hewa. Kipande cha mfupa nakigawa: nusu kwa maabara ya bakteria, nusu kwa mpatholojia, kwa sababu saratani nayo huufanya mdomo ufe ganzi na kulegeza meno. Kwenye fomu naandika siku ganzi ilipoanza, jino gani liling'olewa na dawa alizokwisha kumeza, kisha napiga simu maabara kuwaambia kwamba chupa iko njiani.